Rickey Hakuuliza Hilo Swali

Stori yenyewe huenda hivi. Ni mwaka 2000, na Rickey Henderson, mwizi mkubwa kuliko wote katika historia ya besiboli ya Marekani (mwizi wa vituo, tulia), amehamia timu ya Seattle Mariners. Pale anamkuta John Olerud, jamaa mpole anayelinda kituo cha kwanza, amevaa helmeti. Hiyo si kawaida. Helmeti ni ya mtu anayesubiri kupiga mpira. Ukiwa uwanjani unadaka, unavaa kofia ya kitambaa kama wenzako. Rickey anamuuliza kulikoni. Olerud anaeleza kwamba aliwahi kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya mshipa wa damu uliovimba kwenye ubongo, ndiyo maana anajikinga. Rickey anatikisa kichwa. Ajabu, anasema, mwaka jana kule New York nilicheza na msee mwingine alikuwa anavaa hivyo hivyo. Olerud anamwangalia. Rickey, huyo msee alikuwa mimi.

Kila mtu hucheka. Ni stori ya jaba iliyokamilika: fupi, inateleza, na kichekesho chote kimefichwa kwenye neno la mwisho.

Ila haikutokea. Henderson na Olerud walikuwa wamecheza pamoja Toronto mwaka 1993 wakatwaa ubingwa, kisha wakacheza pamoja tena New York Mets mwaka 1999. Walikuwa wanajuana. Wote wawili waliulizwa, wote wawili wakakana. Ulikuwa utani wa chumba cha kubadilishia nguo, watu wa timu wakimchezea Rickey shere akiwa hayupo, ukaponyoka mlangoni, ukaingia magazetini, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuurudisha. Rickey alifariki Desemba 2024. Wiki hiyo ya msiba nikaikuta tena, imepambwa kidogo, watu wakimuaga nayo.

Mimi nimechoka na hiyo stori, na niko tayari kugombana na yeyote anayeitetea kwa yale maneno matatu: ni utani tu.

Hebu tumwangalie mtu mwenyewe. Kwa asiyefuata besiboli: uwanja una vituo vinne, na pointi hupatikana ukizunguka vyote ukarudi nyumbani. Kuiba kituo ni kutoka mbio kwenda kingine wakati mrushaji anajiandaa kurusha, ufike kabla mpira haujafika na kukugusisha. Rickey alifanya hivyo mara 1,406. Anayemfuata, Lou Brock, ana 938. Yaani tofauti kati ya wa kwanza na wa pili peke yake ingemtosha mtu mwingine kuitwa hodari. Mwaka 1982 aliiba 130 katika msimu mmoja. Alirudi nyumbani na pointi mara 2,295, na hakuna aliyewahi kumfikia hapo pia.

Sasa kazi hiyo haifanywi kwa miguu peke yake. Unasimama pale hatua kadhaa nje ya kituo, unamsoma mrushaji: bega limeinuka vipi, kisigino kimetoka lini, goti linakunjwa upande gani akitaka kurusha nyumbani na upande gani akitaka kukukamata. Kila mrushaji ana tabia yake, na Rickey alicheza kuanzia 1979 hadi 2003. Hesabu mwenyewe ni warushaji wangapi. Huyo mtu aliyebeba kichwani tabia za mamia ya watu, ndiye mnaniambia alimsahau mwenzake aliyekuwa naye timu moja mwaka mzima, tena wa pili?

Lakini stori inakubalika haraka, na inakubalika kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeshawekwa. Michezo ya Marekani ina desturi ndefu ya kumsifu mchezaji Mweusi kwa mwili na mzungu kwa akili. Huyu ana kipaji, yule anaujua mchezo. Huyu amezaliwa na mbio, yule anajituma. Ukishasikia lugha hiyo miaka na miaka, mtu akikuletea stori ya Mweusi mwenye mbio za ajabu asiyekumbuka sura ya mwenzake, huulizi ushahidi. Unacheka tu na kumpelekea rafiki.

Najua unajiuliza besiboli inatuhusu nini sisi ambao tukiona gongo tunafikiria mambo mengine kabisa. Swali zuri. Inatuhusu kwa sababu sehemu ya maneno yanayosomwa Marekani kuhusu besiboli, mbwa, bima ya gari na tiba ya kiungulia huandikwa usiku huku kwetu, na wasee wenye laptopu iliyopasuka kona na tokeni za stima zinazokaribia kuisha. Mimi ni mmoja wao. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na tangu hapo nimekula kwa kuandika vitu ambavyo jina langu halitokei popote. Sijawahi kuingia uwanja wa besiboli. Lakini nawajua hawa watu kama majirani, maana nimelipwa kuwasoma.

Mwaka jana mteja mmoja, ambaye jina lake tuliache hapo, alitaka orodha ya visa 15 vya kuchekesha zaidi vya wachezaji wa besiboli. Dola 12. Kisa cha helmeti kilikuwa kwenye maagizo yake, namba mbili. Nikamwandikia kwamba hicho si kweli, nikampa maelezo, nikamletea vingine vitatu bora zaidi. Jibu lake: wasomaji wanakipenda, usituharibie raha. Nikamwambia basi tukiweke na tuseme wazi kwamba ni cha kutunga. Hakujibu tena. Orodha ilitoka wiki iliyofuata, vile vitatu vyangu vikiwa ndani, kisa cha helmeti kikiwa namba moja sasa, kimeandikwa kama habari. Zile dola 12 sijaziona hadi leo.

Pesa ni pesa, nimeshazisahau. (Sijazisahau.) Kinachonikera ni ile "raha." Raha ya nani? Rickey hayumo kwenye hiyo raha. Ametengenezewa sura, akakana, kukana kwake kukakosa nafasi kwa sababu kunapunguza utamu.

Mtu asije akasema nachukia chumvi. Chumvi naipenda sana. Nimekulia kwenye viti vya wazee ambao samaki waliowavua walikuwa wanarefuka kila mwaka. Na besiboli ina stori za chumvi tamu kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua, na zile tamu kabisa zilitoka kwa Weusi wenyewe, wakati walipokuwa wamefungiwa nje.

Chukua ya Cool Papa Bell. Jina lake halisi James Bell, alianza kucheza St. Louis mwaka 1922. Rafiki yake Satchel Paige, mrushaji ambaye tutamfikia, alizunguka Marekani nzima akisema hivi: Bell ana kasi hadi akizima taa ya chumba, anakuwa ameshajifunika blanketi kabla giza halijaingia. Alikuwa na nyingine pia: kwamba siku moja Bell alipiga mpira, akatoka mbio, na alipokuwa anateleza kuingia kituo cha pili, mpira aliopiga mwenyewe ukamgonga.

Ya taa ndiyo nzuri zaidi kwa sababu ina ukweli ndani yake. Bell alikuja kuieleza mwenyewe. Walikuwa wamelala hotelini, na swichi ya chumba ilikuwa mbovu: ukiibonyeza, taa inakaa kidogo ndipo inazima. Bell aliligundua hilo kabla Paige hajaingia. Paige alipofika, Bell akamwekea dau kwamba anaweza kuzima taa na kufika kitandani kabla chumba hakijawa giza. Akabonyeza swichi, akatembea, akalala. Taa ikazima. Paige akalipa.

Ona mpangilio wake. Mwongo anamdanganya rafiki yake, kwa pesa yake, chumba kimoja. Aliyedanganywa anaipenda stori hadi anakuwa msambazaji mkuu. Hakuna aliyedhalilishwa. Na ukishajua habari ya swichi, Bell hapungui. Anaongezeka: kumbe mbali na mbio, jamaa alikuwa mjanja.

Ya Josh Gibson ni kubwa zaidi. Gibson alikuwa mdakaji na mpigaji, na nguvu zake zilitisha. Inasimuliwa kwamba siku moja Pittsburgh alipiga mpira ukapaa, ukapaa, ukapotea mawinguni, wakasubiri weee haukushuka. Mwamuzi hakuwa na la kufanya, akampa homurani. Kesho yake timu ziko Philadelphia. Katikati ya mchezo mpira unashuka kutoka angani, mlinzi wa timu pinzani anaudaka. Mwamuzi anamgeukia Gibson na kumnyoshea kidole: umetoka, jana, Pittsburgh.

Hakuna aliyewahi kuiamini hiyo, na hakuna aliyetakiwa kuiamini. Lakini jiulize kwa nini watu waliihitaji. Tangu miaka ya 1880 hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, hakuna Mweusi aliyeruhusiwa kwenye ligi kuu. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa, walikuwa wanaelewana tu. Weusi walikuwa na ligi zao, na magazeti makubwa ya wazungu yalikuwa hayajishughulishi nazo. Michezo mingi haikuandikwa alama zake, na mingine ilichezwa vijijini, dhidi ya timu yoyote iliyokubali, jioni taa zikiwa kwenye lori. Gibson alipiga mpira umbali gani? Hakuna aliyepima. Mara ngapi? Bango lake kwenye jumba la mashujaa wa besiboli, alikoingizwa mwaka 1972, linasema karibu 800, na hilo neno "karibu" limebeba mambo mengi sana. Alikufa Januari 1947, miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1975.

Mtu kama huyo, ambaye mwenye kalamu amekataa kumwandika, utamhifadhi vipi? Unampa mpira unaoshuka kesho yake mji mwingine. Watu walikuwa wanaweka rekodi kwa njia iliyobaki. Na ngoja nikwambie kilichofuata. Mwezi Mei 2024 ligi kuu iliingiza takwimu za ligi za Weusi, zile zilizopatikana baada ya miaka ya watafiti kuchimbua magazeti ya zamani, kwenye kitabu chake rasmi. Gibson akaibuka wa kwanza katika historia kwa wastani wa kupiga, .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367 aliyekuwa amekaa juu hapo muda mrefu. Kwa hiyo wale wazee waliokuwa wanatia chumvi vinyozini walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kile kitabu.

Ndiyo maana nina ugomvi pia na kundi la pili, wale ndugu zetu wa kusahihisha kila kitu. Unawajua. Unasimulia mpira wa Gibson, yeye anakwambia kisayansi mpira hauwezi kukaa hewani usiku kucha. Asante, profesa. Mtu anayeichukua stori ya Gibson na ya helmeti ya Olerud na kuzitupa debe moja kwa sababu zote si kweli hajaelewa hata moja. Ya Gibson inajitangaza yenyewe kuwa ni uongo; hakuna anayetoka pale akiwa amedanganyika. Ya Olerud imevaa suti ya habari. Ina mwaka, ina majina, ina hospitali. Inakuomba uamini.

Paige sasa. Huyu angekuwa hapa angekuwa na wafuasi milioni na madeni yake yote yangelipwa na matangazo. Alizaliwa Mobile, Alabama, tarehe 7 Julai 1906, hilo linajulikana, kuna cheti. Lakini maisha yake yote aliwazungusha waandishi kuhusu umri wake. Jibu lake moja maarufu lilikuwa kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa ndani ya Biblia ya familia, na Biblia ikaliwa na mbuzi. Waandishi wakacheka, wakaandika mbuzi, wakasahau kuuliza tena.

Mbuzi huyo alikuwa na kazi. Paige aliingia ligi kuu na Cleveland mwaka 1948, akiwa na miaka 42, mgeni mzee kuliko wote waliowahi kuingia. Miaka yake bora ilikuwa imeliwa, na si na mbuzi. Ukiwa na umri huo kwenye mchezo wa vijana, kila anayekuuliza miaka yako anatafuta sababu ya kukufukuza. Alichofanya ni kuugeuza umri wake kuwa fumbo, na fumbo likawa linauza tiketi. Mwaka 1965, akiwa na 59, Kansas City walimrudisha kwa mchezo mmoja, wakamwekea kiti cha kubembea na nesi pembeni ili watu wacheke. Akainuka kwenye kiti, akarusha awamu tatu, hakuna aliyepata pointi.

Hapo mtu ataniambia: sawa, kwa hiyo utani wa wanyonge mzuri, wa wenye nguvu mbaya, tumekusoma. Hapana. Kuna mmoja wa wenye nguvu ninaoupenda sana.

Tarehe 1 Aprili 1985 jarida la Sports Illustrated lilitoa makala ndefu ya George Plimpton kuhusu kijana anayeitwa Sidd Finch, aliyekuwa kambini na Mets huko Florida. Plimpton alikuwa mtoto wa familia kubwa, msomi wa Harvard, mmoja wa walioanzisha The Paris Review mwaka 1953. Finch, kwa maelezo yake, alikuwa yatima aliyelelewa Uingereza, akasoma Harvard kidogo akaacha (mwenzangu), akaenda Tibet kujifunza kutawala pumzi na mwili, akarudi akiwa anaweza kurusha mpira kwa maili 168 kwa saa. Hiyo ni kilomita 270. Matatu ikifika 80 inakuwa imefika mwisho wa sheria. Mwanadamu wa kweli, Aroldis Chapman, alipoweka rekodi miaka 25 baadaye alifika kama 169, na watu walidhani mashine imeharibika. Finch alikuwa anarusha akiwa na kiatu mguu mmoja, wa pili peku, na hakuwa na uhakika kama anataka besiboli ama kupuliza tarumbeta lake.

Mets waliingia kwenye njama. Walimpa jezi, wakampa kabati la nguo, wachezaji wa kweli wakapiga naye picha wakiwa na nyuso za mshangao. Aliyepigwa picha alikuwa mwalimu wa sanaa kutoka Illinois mwenye miguu mikubwa, rafiki wa mpiga picha. Mashabiki wakachanganyikiwa kwa furaha. Barua zikamiminika. Wiki iliyofuata jarida likaandika kwamba Finch ameamua kuacha mchezo, na tarehe 15 Aprili likakiri kwamba hakuwahi kuwepo.

Kwa nini huu nausamehe? Kwanza, tarehe iko juu ya jarida, Siku ya Wajinga. Pili, na hapa Plimpton alionyesha heshima, yale maneno ya utangulizi chini ya kichwa cha makala yalipangwa hivi kwamba ukichukua herufi ya kwanza ya kila neno, yanakutakia Siku ya Wajinga njema. Ufunguo uliachwa mlangoni. Tatu, aliyechekwa ni msomaji aliyetamani muujiza, na timu iliyojitolea kuchekwa naye. Finch hana mama wa kumuona mwanawe akiitwa mjinga. Ukinibana sana nitakubali kwamba Tibet yake ni ya kitalii, ile Tibet ya wazungu ambapo kila mtu anaelea juu ya mkeka, na hiyo sehemu imezeeka vibaya. Lakini siku 14 zilitosha wakasema ukweli, kwenye kurasa zile zile zilizosema uongo. Kisa cha helmeti kina zaidi ya miaka 20 na bado hakijaombewa radhi.

Na kama ni uongo wa kuogopa, mkubwa kuliko wote kwenye besiboli hauchekeshi hata kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita Albert Spalding, tajiri wa kuuza vifaa vya michezo, alikuwa anaumia roho kusikia kwamba mchezo wa taifa lake umetokana na mchezo wa watoto wa Uingereza. Mwaka 1905 ikaundwa kamati ya kutafuta asili yake. Mzee mmoja, Abner Graves, akaandika barua kwamba alimuona Abner Doubleday akiuvumbua katika kijiji cha Cooperstown. Kamati ikachukua mwaka 1839. Mwaka huo Graves alikuwa na miaka mitano. Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi West Point. Alikuja kuwa jenerali, akafa mwaka 1893, na hakuwahi kusema popote kwamba alivumbua mchezo wowote. Hakuna shida. Kamati ikapitisha, vitabu vya shule vikaandika, na mwaka 1939 jumba la mashujaa likafunguliwa Cooperstown kusherehekea miaka 100 ya kitu ambacho hakikutokea pale.

Lipo hadi leo. Mabango ya Paige, Gibson, Bell na Henderson yametundikwa humo. Bell aliingizwa mwaka 1974, baada ya kuacha besiboli na kufanya kazi miaka mingi kama mfagiaji na mlinzi wa usiku kwenye ofisi za jiji la St. Louis. Yaani msee mwenye uongo wa swichi alilinda milango usiku, na uongo wa Spalding ukajengewa nyumba.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. John Smoltz, mrushaji mzungu wa Atlanta, naye alitungiwa yake: kwamba aliungua kifua akipiga pasi shati alilokuwa amelivaa. Amekana miaka yote na bado inasimuliwa. Kwa hiyo wazungu pia huitwa wajinga? Ndiyo. Lakini Smoltz alipostaafu aliketishwa mbele ya maikrofoni ya taifa kuchambua michezo mikubwa, usiku baada ya usiku, akieleza mrushaji anafikiria nini. Shati lake likabaki kichekesho cha pembeni. Watu walikuwa wana mahali pengine pa kuisikia akili yake. Rickey alistaafu kwa kukataliwa. Mwaka 2004 na 2005, ameshapita miaka 40, alikuwa anacheza kwenye viligi vidogo vya Newark na San Diego kwa sababu alipenda mchezo na hakuna timu kubwa iliyompigia simu. Akasubiri hapo, na stori ya helmeti ikazunguka kwa niaba yake.

Kwa wahariri wa orodha za visa 15, basi, nina pendekezo la namba moja, bure, dola 12 zenu kaeni nazo. Tarehe 31 Agosti 1987, Williamsport, Pennsylvania, ligi ndogo. Mdakaji wa timu ya nyumbani, Dave Bresnahan, alikuwa mpigaji dhaifu na alijua hafiki mbali. Timu haikuwa na ubingwa wa kugombania. Nyumbani alimenya waru, akaichonga ikawa duara kama mpira. Katikati ya mchezo akasema glovu yake ina shida, akaenda kuchukua nyingine, waru ikiwa ndani. Mpinzani yuko kituo cha tatu. Mrushaji akarusha, Bresnahan akadaka mpira wa kweli, na kwa mkono mwingine akaitupa waru juu ya kichwa cha mlinzi wa kituo cha tatu hadi kwenye nyasi kule nyuma. Mpinzani akaona mpira umepotea, akaja nyumbani anatembea kwa raha zake. Akamkuta Bresnahan amesimama pale na mpira mkononi, akamgusa nao.

Mwamuzi alipoletewa ile waru hakucheka. Alimpa mpinzani pointi yake. Kocha akampiga Bresnahan faini ya dola 50, na kesho yake klabu kubwa ya Cleveland, iliyokuwa inamiliki timu, ikamfuta kazi. Hakucheza tena. Mwaka uliofuata Williamsport walimwita, wakaistaafisha jezi yake namba 59, na watu waliofika getini na waru mkononi wakapunguziwa kiingilio.